Ufa Ulioshikwa na Nyuzi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nilifundishwa katika darasa la Kiswahili, lakini niliielewa vizuri zaidi katika maabara ya uhandisi.

Baba yangu ni fundi mwashi kijijini kwetu, magharibi mwa Uganda. Mwaka jana nondo zilipopanda bei, alinipigia simu. Alitaka kumwaga bamba la choo chetu kwa zege lililochanganywa na vipande vya kamba za katani, bila nondo. "Mwanangu, wewe ndiye unayesoma mambo haya. Litashika?"

Sikumjibu siku hiyo. Mimi na mwenzangu tulitengeneza mihimili midogo ya saruji na mchanga, mingine mitupu, mingine yenye katani. Tuliilaza majini siku 28, kisha kila mmoja tukauweka juu ya nguzo mbili fupi na kuukandamiza katikati.

Ule mtupu ulikatika ghafla. Saruji huvumilia sana kukandamizwa, lakini ikivutwa ni dhaifu, na upande wa chini wa mhimili ndio unaovutwa. Ufa ukianzia hapo, nguvu hujikusanya kwenye ncha yake, nao hupanda hadi juu kwa kufumba na kufumbua.

Wenye katani nao ulipata ufa. Ila nyuzi zilizovuka ufa huo zilishika pande zote mbili. Ili ufa upanuke, ilibidi nyuzi zichomoke kutoka kwenye saruji, na kila uzi uliochomoka ulimaliza sehemu ya nguvu. Tuliuona ufa ukikua polepole. Nyuzi haziuzibi ufa, bali huuchelewesha. Mtu aliyesimama juu yake angepata nafasi ya kuruka.

Nilikuwa tayari kumwambia baba kwamba litashika. Mhadhiri wetu akaniuliza, "Na baada ya miaka kumi?" Alikali iliyomo ndani ya saruji hula katani, hasa penye unyevu. Nyuzi hupoteza ulaini wake. Badala ya kuchomoka, hukatika. Bamba hurudi kuwa kama lile tupu, na kwa nje huwezi kujua. Choo hakikosi maji hata siku moja, na wanaosimama juu ya bamba hilo ni wadogo zangu.

Nilimpigia baba, nikamwambia aweke nondo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza bei ya mbuzi huku mjini.