Nilivyoyaona Matao ya Mawe ya Utah

Ndugu msomaji, huenda umewahi kufika Isimila, kilomita kama 20 kutoka mjini Iringa kwa barabara ya kwenda Mbeya, ukashuka korongoni na kusimama chini ya zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Kama hujafika, jitahidi ufike. Mimi na kaka yangu tulikwenda pale mara nyingi utotoni, kwa miguu, na tuliamini kwa dhati kwamba nguzo zile zilijengwa na watu wa kale waliotuzidi urefu mara kumi. Naanza na Isimila kwa kuwa ndiyo picha iliyonijia asubuhi moja ya Julai 2023, nilipoyaona kwa mara ya kwanza mawe mekundu ya jimbo la Utah, magharibi ya Marekani. Na kwa kuwa aliyeshika usukani kando yangu alikuwa kaka yule yule.

Kaka anaishi Denver, katika jimbo la Colorado, na kazi yake ni kuendesha malori makubwa ya masafa marefu. Barabara kuu namba 70 hutoka Denver, ikapanda Milima ya Rocky, ikateremka pamoja na Mto Colorado, kisha ikaingia katika jangwa la Utah. Mahali paitwapo Crescent Junction, njia ya kwenda mji wa Moab huchepuka kuelekea kusini. Kaka alikuwa amepita njiapanda ile mara zisizo na idadi, wala hakuwahi kukata kona. Nilipomwuliza sababu alinijibu kwa maneno mawili tu: "Mzigo haungoji."

Mimi nami nilikuwa na mzigo wangu. Baba yetu, ambaye amekwisha pita umri wa miaka 80, alikuwa katika kuligawa shamba lake, na alinituma swali moja: sehemu ya kaka aiache wazi, au awagawie wengine? Kaka hakuwa amerudi nyumbani tangu mwaka 2009. Hata mama alipofariki, mwaka 2016, hakufika. Kila mwaka alisema "mwakani". Nilikaa naye Denver siku sita na swali lile likiwa kinywani, nisijue pa kulianzia. Yeye ndiye aliyependekeza safari ya Moab, umbali wa kilomita 570 hivi, nami nikaona kwamba garini mtu hana pa kukimbilia.

Tulifika katika lango la Hifadhi ya Taifa ya Arches saa tatu asubuhi, tukarudishwa. Mlinzi wa hifadhi, kijana mwenye kofia pana, alitueleza kwa adabu kwamba tangu mwaka 2022 katika miezi ya joto mtu alikuwa hana budi kujiandikisha mapema na kupewa saa yake ya kuingia. Mwaka ule wa 2023 asiyejiandikisha aliingia kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mwaka 2021 hifadhi ile ilipokea zaidi ya watu milioni 1.8, na ilizoeleka kufunga lango kwa muda kwa sababu magari yalikuwa hayana pa kusimama. Kaka alikasirika kidogo. Mimi, ambaye nimepanga foleni nyingi maishani mwangu, niliona utaratibu ule ni wa haki, kwani maskini na tajiri walirudishwa sawasawa.

Basi tukaenda kwanza hifadhi ya jirani, Canyonlands, iliyoanzishwa mwaka 1964. Ile sehemu ya juu huitwa Kisiwa cha Angani, na jina hilo halikutiwa chumvi. Ni uwanda ulioinuka, umezungukwa na magenge pande karibu zote. Ukisimama ukingoni unaona, zaidi ya mita 300 chini yako, tambarare nyingine ya mawe yenye kingo nyeupe. Na katika tambarare hiyo kuna nyufa, na ndani ya nyufa hizo, chini zaidi, mito miwili ya Green na Colorado inakwenda kukutana. Toka pale juu mito yenyewe huionekani ila kwa vipande. Aliyezoea Bonde la Ufa atafahamu ukubwa ninaousema, lakini Bonde la Ufa lina majani, mashamba na moshi wa majiko. Hapa hapakuwa na moshi. Kaka alitazama kwa muda mrefu akasema, "Pangeweza kutoshea Iringa nzima na hakuna ambaye angetuona."

Sitakaa sana juu ya Canyonlands, maana tulipita kama wapita njia, na joto lilikuwa limeanza. Nataka kusema juu ya Arches.

Ndani ya hifadhi ile yamehesabiwa matao zaidi ya 2,000. Ili uwazi uhesabiwe kuwa tao hauna budi kuwa na upana wa sentimita 90 hivi angalau upande mmoja. Swali la kila mgeni ni hili: kwa nini mengi namna hii, na kwa nini hapa? Jibu lake ni chumvi. Yapata miaka milioni 300 iliyopita palikuwa na bahari iliyofungiwa, ikakauka, ikajaa tena, ikakauka tena, hadi ikaacha tabaka la chumvi lenye unene wa mamia ya mita. Juu ya chumvi hiyo ukaja mchanga, ukagandamana kuwa mwamba. Sasa chumvi iliyolemewa haitulii. Hujongea taratibu kama ugali chini ya kiganja, ikafura mahali hapa na kubonyea pale. Mwamba uliokuwa juu yake ukapasuka kwa mistari iliyo sambamba. Maji ya mvua na theluji yakaingia katika nyufa, yakayeyusha kile kinachozigandisha chembe za mchanga. Na wakati wa baridi maji yale yakaganda, yakatanuka, yakabandua vipande. Zikabaki kuta nyembamba zilizosimama wima kama mikate iliyokatwa. Ukuta ukiliwa katikati, na juu pakasalia, hilo ndilo tao. Wekundu ni kutu, kwani ndani ya mchanga mna chuma.

Tuliingia saa kumi na dakika chache. Tao ambalo kaka alitaka kuliona ni lile liitwalo Delicate, kwa kuwa limechorwa katika vibao vya namba za magari ya Utah. "Miaka yote hii nimekuwa nikilifuata nyuma ya magari ya watu," alisema. Mwanzo wa njia yake pana kibanda cha magogo cha mtu mmoja aliyeitwa John Wesley Wolfe, mwanajeshi mstaafu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mlemavu wa mguu, ambaye alihamia pale kutoka Ohio mwaka 1898 akafuga ng'ombe mpaka 1910. Kibanda ni kidogo kuliko mabanda mengi ya mifugo niliyoyaona kwetu. Hatua chache mbele, katika ukuta wa mwamba, pana michoro ya watu waliopanda farasi, iliyochongwa na Wahindi Wekundu wa kabila la Waute, si chini ya miaka 170 iliyopita. Kibao kilieleza vizuri juu ya farasi. Mwaka 1881 Waute wengi waliondolewa kwa nguvu katika nchi yao ya Colorado na kufungiwa katika maeneo waliyotengewa huko Utah. Nilisimama pale nikiwakumbuka Wamasai walioondoshwa Serengeti mwaka 1959. Hifadhi nzuri duniani karibu zote zina ukurasa kama huo, na mgeni huupita upesi kwa sababu hauna picha ya kupiga.

Nasi tulipita upesi. Hapo ndipo tulipokosea.

Njia ya kwenda na kurudi ni kilomita tano hivi, na sehemu kubwa ni kupanda juu ya mwamba mtupu usio na mti wala kivuli. Kipimajoto cha gari kilikuwa kimeonyesha 102 kwa kipimo chao, yaani karibu nyuzi 39. Ubao uliopo mwanzoni unamwonya kila mtu achukue maji yasiyopungua lita mbili. Sisi tulikuwa na chupa mbili ndogo, moja imekwisha nusu. Niliusoma ubao ule kwa sauti, na tukaenda. Tulijiona ni watu wa joto. Tulisahau kwamba Iringa ni baridi, na kwamba kaka amekaa kitini miaka 14 na anameza vidonge vya shinikizo la damu.

Katikati ya mteremko wa mwamba alisimama. Kisha akaketi. Nilipomgeukia, uso wake ulikuwa mkavu. Jasho lilikuwa limekatika, na alipojaribu kusema ulimi ulimlemea. Sina haja ya kueleza sana hofu iliyonipata. Niliwaza juu ya baba, na juu ya maneno ambayo ningemwambia. Nilimpa maji yote yaliyosalia, nikavua shati nikamfunika kichwa. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiteremka na watoto wake wawili aliona, akaja bila kuitwa. Alimwekea kitambaa chenye maji shingoni, akanisaidia kumkokota hadi nyuma ya jabali lililokuwa limeanza kutoa kivuli, akatuachia chupa nzima ya lita moja. Aliketi nasi hadi kaka alipoanza kutoka jasho tena. Sikulijua jina lake.

Tulibaki pale kivulini zaidi ya saa nzima. Na pale, bila mimi kuuliza, kaka akasema. Siku mama alipofariki simu ilimkuta barabarani, na tela limejaa, karibu na Crescent Junction. Aliegesha kando ya njiapanda akakaa saa mbili. Karatasi zake wakati ule hazikuwa zimekamilika. Akitoka Marekani asingeruhusiwa kurudi, na ada za shule za wadogo zetu wawili zilikuwa zikitoka katika lori lile. "Halafu nikawasha gari nikaenda," alisema. "Tangu siku hiyo kila nikifika pale naongeza mwendo." Nami nikalitoa swali la baba jinsi nilivyoagizwa, bila kupunguza wala kuongeza. Hakujibu. Alitazama kunguru aliyekuwa akitembea juu ya mwamba kama mwenye mji.

Jua lilipolegea nilimwambia turudi. Alikataa. Tukapanda polepole, tukapumzika kila mahali penye kivuli. Mwisho njia hupita juu ya kibaraza kilichochongwa ubavuni mwa genge, na tao huwezi kuliona hata kidogo mpaka ugeuke kona ya mwisho. Ukigeuka, lipo. Limesimama peke yake ukingoni mwa bakuli kubwa la mwamba, uwazi wake una kimo cha mita 14, mguu mmoja ni mnene na wa pili umeliwa kiunoni hata ukashangaa linangoja nini. Nyuma yake ni milima ya La Sal. Watu kama 50 walikuwa wameketi wakitazama, na walinyamaza kama walioambiwa. Kaka alikaa chini akaniuliza kama nguzo za Isimila bado zipo. Nilimjibu kwamba mvua inazila kila mwaka, lakini zipo.

Kesho yake tuliingia kabla ya saa moja, safari hii na lita nane za maji, tukaliona tao liitwalo Landscape. Upana wake ni mita 93, na mahali palipo pembamba zaidi unene ni mita mbili tu. Tarehe 1 Septemba 1991 bamba lenye urefu wa mita 18 lilibanduka chini yake. Watu waliokuwa wakipumzika pale walisikia mlio wa kupasuka, wakakimbia, wakasalimika. Baadaye njia ya kupita chini yake ilifungwa. Tao jingine la jirani, lililoitwa Wall, lilianguka lote mwezi Agosti 2008, usiku, pasipo shahidi. Walinzi hawaweki nguzo wala saruji kuyaokoa. Wanachokililia ni ardhi: udongo wa jangwa lile una ukoko mweusi wa viumbe vidogo vyenye uhai, unaozuia mchanga usipeperuke, na mguu mmoja unaweza kuharibu kilichoota kwa miaka mingi. Ukoko wa wali tunaujua. Huu mtu haruhusiwi kuugusa.

Tulipotoka langoni tuliona, ng'ambo ya barabara kando ya Mto Colorado, eneo la mashine na udongo mwekundu lililozungushiwa ua. Moab uligeuka kuwa mji wa madini ya urani Charlie Steen alipoyagundua kwa wingi karibu na hapo mwaka 1952. Kinu cha kusaga madini hayo kiliacha kando ya mto tani zipatazo milioni 16 za mabaki yenye mnururisho. Mwaka 2009 serikali ilianza kuyahamisha kwa garimoshi hadi Crescent Junction, na miaka 14 baadaye kazi ilikuwa bado inaendelea. Nayataja haya kwa sababu nasi tuna urani yetu Mto Mkuju, huko Namtumbo, ambayo kwa ajili yake mpaka wa Selous ulirekebishwa mwaka 2012. Wataalamu wetu wakipata nafasi ya kutembelea Moab, wayaone matao kwa muda wao wenyewe, lakini kwanza wapelekwe kwenye ua ule.

Kaka aliendesha kimya mpaka njiapanda. Pale Crescent Junction alipunguza mwendo, akatoka barabarani, akaegesha mahali penye changarawe. Alizima gari. Malori yalipita juu ya barabara kuu, moja baada ya jingine, na gari letu likatikisika kila mara. Baadaye akasema, "Mwambie Mzee aiache."

Nilirudi Iringa mwezi wa Agosti nikautoa ujumbe huo. Baba alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Aliniuliza mwezi gani.