Sikukuu si yetu, lakini watoto ni wetu: gemu za vizuka mwezi wa Oktoba

Wapenzi wetu, mama zetu, dada zetu, na nyinyi mabibi harusi ambao magauni yenu bado yako kwenye cherehani, leo hatuzungumzii shela wala hina. Leo tunazungumzia gemu za watoto, tena gemu za vizuka. Msicheke kwanza, tusikilizeni.

Sisi ni ndugu wawili na kazi yetu ni moja. Mmoja wetu anakata na kushona hapa Unguja. Mwengine kaolewa Uingereza, yuko Milton Keynes, na huko anapokea oda za mabibi harusi wa kwetu na kuwapima. Oktoba ya mwaka jana tulikutana kwake, na masanduku mawili ya magauni, kwa sababu harusi zilikuwa tatu na gauni la harusi halijaribiwi kwa WhatsApp. Ndipo tukaikuta Halloween mlangoni.

Kwa wasiojua, hiyo ni tarehe 31 Oktoba. Jina lake linatokana na mkesha wa siku ya Watakatifu Wote ya Wakristo, ambayo ni 1 Novemba. Watoto wanavaa nguo za vizuka, wachawi na mifupa, wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Maboga yanachongwa macho na meno, yanawashwa mshumaa ndani, yanawekwa vizingitini. Madukani huwezi kuikimbia. Unaingia kununua maziwa unakutana na buibui la plastiki.

Na kuna jambo jengine ambalo sisi wa visiwani hatulijui mpaka tulione. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma kwa saa moja. Kwa hiyo siku hiyo ya tarehe 31 magharibi inaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Watoto wametoka skuli, au wako likizo fupi, nje kiza, ndani joto, na usiku mrefu kama Ramadhani ya kungoja mwezi.

Bint yetu wa miaka minane akaomba kwenda kugonga milango pamoja na wenzake wa darasani. Mama yake akamwambia hapana. Akauliza kwa nini. Mama yake akamwambia sikukuu hii si yetu. Akauliza tena kwa nini. Tulikuwa na gauni mezani, shanga hazijamalizika, mteja anakuja asubuhi. Tukatafuta jawabu la haraka. Tukamwambia: anayetoka usiku ule anarudi na jini nyuma yake.

Akanyamaza. Sisi tukashukuru, tukaendelea na shanga zetu.

Usiku ule hakulala. Usiku wa pili akakataa kwenda chooni peke yake. Usiku wa tatu kitanda kikarowa, mtoto ambaye kaacha kukojoa kitandani tangu ana miaka mitatu. Asubuhi alikaa kwenye ngazi amejifunika mtandio wa mama yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Khaloo, jini likishaingia ndani linatoka vipi?" Yeye hata nje hakuwa ametoka.

Wapenzi, tulitazamana sisi kwa sisi na tukakumbuka mwaka 1995. Tuliokulia Pemba hatuhitaji kuelezwa. Habari za popobawa zilipoenea, watu walikuwa wanalala nje kwa makundi, moto umewashwa, wanakesha. Tulikuwa wadogo, mmoja ana miaka sita, mwengine tisa. Kilichotutisha zaidi ni wakubwa wenyewe. Wakituona tunakuja, mazungumzo yanakatika. Hakuna aliyetueleza kitu, basi sisi tukajitungia wenyewe, na cha kujitungia ni kibaya kuliko chochote. Bibi yetu peke yake ndiye aliyetuweka katikati yake na ukuta, akatusomesha Ayatul Kursiy neno kwa neno, halafu akatupa hadithi za sungura mpaka tukacheka. Hatukusahau mpaka leo.

Sasa sisi tuliofanyiwa wema ule ndio tuliomfanyia mtoto wetu kinyume chake.

Sisi si masheikh, na hatutoi fatwa. Lakini mambo mawili tumefundishwa sote chuoni. La kwanza, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tuwaingize watoto ndani jua linapozama, kwani mashetani hutawanyika wakati huo, na tufunge milango kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu. Hilo peke yake lilitosha kuwa jawabu, maana kugonga milango kwenyewe kunafanyika wakati uleule wa magharibi. La pili, maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao kalala, mwenzake akamchukulia kamba yake kwa mzaha, akashituka. Mtume akawaambia si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Mtu mzima alitishwa kwa kamba tu ikakatazwa. Sisi tumemtisha mtoto kwa jini.

Gemu iliingia kwa njia ya mdogo wake wa kiume. Baba yao alimnunulia Nintendo Switch ya mkono wa pili, na ndani yake mlikuwa na gemu inaitwa Luigi's Mansion 3. Gemu hii ilitolewa tarehe 31 Oktoba 2019, siku hiyohiyo ya Halloween. Tulipoona jumba la vizuka tukataka kuizima. Halafu tukakaa tukaitazama, na tunawashauri nanyi mfanye hivyo kabla ya kuruhusu na kabla ya kukataza.

Luigi ni bwana mrefu mwembamba mwenye masharubu na kofia ya kijani. Kaalikwa hotelini na wenzake, kumbe hoteli ni ya vizuka. Wenzake wametiwa ndani ya picha za ukutani, na yeye anapanda lifti ghorofa kwa ghorofa kuwatafuta. Silaha yake ni tochi na mashine ya kufyonza vumbi mgongoni. Anakimulika kizuka, kinapigwa na bumbuwazi, anakifyonza kama unavyofyonza uchafu wa zulia. Damu hakuna. Tena Luigi mwenyewe ni mwoga wa kupindukia! Anatetemeka, meno yanagongana, anafungua mlango kwa ncha ya vidole. Lakini anaufungua.

Ukishacheza kidogo mwanzoni, mtu wa pili anaweza kuingia na rimoti yake. Huyo anakuwa Gooigi, mfano wa Luigi aliyetengenezwa kwa utelezi wa kijani. Anapita kwenye nondo na kwenye miiba bila kudhurika, ila maji yakimgusa anayeyuka. Akiyeyuka anarudi tena, mchezo unaendelea.

Bint yetu alikaa mbali, nyuma ya kiti, mkono mbele ya macho na vidole vimeachana. Luigi aliposhituka na kuruka kwa sababu ya kizuka kidogo tu, akacheka. Akasema, "Anaogopa kama mimi." Baada ya muda akaomba rimoti ya pili. Mmoja wetu akakaa kulia kwake, mwengine kushoto, kama alivyotukalia bibi.

Usiku ule akauliza swali lenyewe. Hawa wa kwenye TV ni kweli? Tukamjibu bila kumzungusha. Hawa wamechorwa na watu, ukizima wanaondoka. Majini Mwenyezi Mungu katuambia wapo, lakini hawana uwezo wa kutudhuru ila kwa idhini yake, na sisi tuna maneno yake. Halafu tukamwomba radhi. Tukamwambia, lile tulilokwambia juzi halikuwa na msingi, tulikuwa na haraka tukakutisha, tusamehe. Akatutazama sana, maana mtoto hajazoea kuombwa radhi na wakubwa. Tukasoma pamoja Ayatul Kursiy na sura tatu za mwisho, akapulizia viganja vyake mwenyewe, akajipangusa. Akataka mlango ubaki wazi na taa ya ukumbini iwake. Tuliacha wazi. Hata leo bado anataka mlango wazi, na sisi hatumlazimishi.

Baada ya hapo tukaanza kuzitazama gemu nyengine za aina hii, maana wengi wenu mtaulizwa. Hizi ndizo tulizozikalia wenyewe.

Minecraft mnaijua, ile ya vibomba vya mraba. Ikifika tarehe 31 Oktoba baadhi ya zombi na mifupa wanajitokeza wamevaa maboga kichwani. Tunachokipenda ni kwamba viumbe wabaya wanatokea penye kiza. Mtoto akijenga nyumba akaijaza mienge, ndani hawatokei. Na kama ni mdogo sana, kuna mpangilio wa amani ndani yake, ukiuweka hao wote wanatoweka akabaki na kujenga tu.

Animal Crossing: New Horizons ni ya upole kuliko zote. Ni kisiwa, una kibanda chako, unavua, unapanda. Tarehe 31 Oktoba kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa sita ya usiku anakuja mtu mwenye kichwa cha boga, na wanyama majirani wanataka pipi. Sisi tunapanda maboga tu. Yako ya rangi nne: chungwa, manjano, kijani na meupe. Jioni ile hatuifungui, na gemu hailalamiki.

Costume Quest ilitoka mwaka 2010. Hii mafundi cherehani wenzetu mtaipenda. Ni watoto pacha, mmoja kavaa nguo ya pipi, na jitu likamchukua kwa kudhani ni pipi kweli. Ndugu yake anamtafuta. Ili apate nguo mpya ni lazima kwanza apate ramani yake ya kukatia, kisha akusanye vifaa vyake kimoja kimoja, ndipo nguo ikamilike. Kila nguo ina uwezo wake. Lakini tuwe wakweli: hadithi yake nzima ni ya Halloween, kugonga milango ndio mchezo wenyewe. Nyumbani kwa dada hatukuiweka. Nyinyi tazameni na waume zenu muamue.

Kabla ya kununua, geuza kasha utazame nambari. Ulaya wanaandika 3, 7, 12, 16 au 18. Nambari 7 maana yake mna picha au sauti zinazoweza kumtisha mtoto mdogo. Usimpe wa miaka mitano gemu ya 12 kwa sababu tu kaka yake anayo. Na hizi gemu za bure za kwenye simu muwe nazo macho zaidi, maana mtoto anacheza cha kitoto, tangazo likaruka katikati na sura ambayo hukuichagua. Zima intaneti kwanza, kisha mpe simu.

Utaratibu tuliouweka nyumbani kwa dada ni huu. Magharibi kwanza, sala haisubiri kizuka. Kisha gemu sebuleni, si chumbani, na mkubwa mmoja yupo. Ikifika isha inazimwa. Baada ya hapo chakula na hadithi za kawaida, ili kizuka kisiwe kitu cha mwisho kuingia kichwani. Na mtoto akisema sitaki, hachekwi wala haitwi mwoga.

Tarehe 31 yenyewe tulifunga mlango kwa bismillahi, tukawasha taa zote. Watoto wa jirani walipogonga, dada aliwafungulia kwa uso mkunjufu, akawaambia sisi hatusherehekei lakini karibuni, akawapa maandazi ya moto kila mmoja na lake. Mmoja alikuwa kavaa shuka jeupe lenye matundu mawili ya macho. Bint yetu akamtazama kutoka nyuma ya mama yake, akamjua kwa viatu. "Huyo wa darasani kwetu," akasema, na akampungia mkono.

Nyinyi mabibi harusi msidhani haya ni ya wenye watoto. Wengi wenu tunawapima mkituambia, fundi, mimi naolewa naenda London, naenda Toronto, naenda Marekani. Mnapanga rangi ya maua na idadi ya masahani ya biriani. Kaeni na wachumba zenu, mbele ya wakubwa, muulizane na hili: watoto wetu wakiuliza kwa nini sisi hatufanyi, tutawajibu nini? Mkubaliane jawabu la kweli mapema. La haraka tumeshawajaribia sisi, na mashuka tumefua.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awape usingizi mwema, na sisi atupe subira ya kujibu. Tuonane panapo majaaliwa. Wabillahi tawfiq.