DUTUMI: CHENGA ZIPO, CHETI HAKUNA!

Mpenzi msomaji, wiki hii disko nililipa likizo. Jumamosi alfajiri nilidandia basi Mbezi, nikateremka Mlandizi, nikakamata bodaboda ya Dutumi, kule Kibaha Vijijini. Miembe huku, mihogo kule, vumbi katikati. Nilifika nywele zimekuwa nyekundu kama nimepaka dawa ya saluni!

Usidhani nilijitesa bure. Nina mdogo wangu kule, mtoto wa mama mdogo, ambaye vijana wa kijiji wanaapa kwamba ipo siku atavaa jezi ya Serengeti Boys. Nikasema ngoja nikajionee, maana sifa nyingine huwa zina chumvi.

Jioni uwanjani nikafunga mdomo. Magoli ni ya miti, nusu ya wachezaji wako peku, mbuzi wanakatiza kati wanavyotaka. Dogo akatuliza mpira kifuani, akamlamba chenga beki wa kwanza, wa pili akamlaza chini, kisha kombora. Si mchezo, washikaji!

Usiku, baada ya ugali na kisamvu, nikauliza swali dogo tu: dogo ana miaka mingapi? Kasheshe likaanzia hapo. Mwenyewe anasema 15. Mama mdogo anasema 16. Daftari la shule linasema kazaliwa 2008. Kadi ya kliniki ililiwa na mchwa, na cheti cha kuzaliwa hakijawahi kuwepo.

Bibi akakohoa. "Mume wangu, huyu kazaliwa mwaka ule Kikwete alivyorudi mara ya pili." Yaani 2010.

Utacheka, lakini kwenye soka la vijana umri unaweza kukutoa kabla ya filimbi. Tiketi ya Kombe la Afrika la chini ya miaka 17 siku hizi inagombewa kwenye mashindano ya kanda, chini ya CECAFA, na makali ya suala hili Bongo tumeyaonja pande zote mbili. Serengeti Boys walifuzu fainali za Gambia za 2005, wakaondolewa kwa kuchezesha kijeba, nafasi ikaenda Zimbabwe. Mwaka 2016 kibao kikageuka. Tuliwafunga Congo Brazzaville 3-2 Dar, wakatufunga 1-0 kwao, wakapita kwa mabao ya ugenini. Tukalalamika. CAF wakamtaka mchezaji wao mmoja akapimwe MRI, hakutokea, Congo nje, na 2017 sisi tukapanda ndege ya Gabon.

Hicho kipimo kinapiga picha mfupa wa mkono, pale karibu na kiganja. Mfupa ukishaungana kabisa, wewe si wa chini ya 17, hata ulie machozi. FIFA walianza nacho kwenye Kombe la Dunia la vijana, Nigeria, 2009.

Nilipoeleza hayo, dogo akanyoosha mkono kwenye taa. "Braza, wangu umeshaungana?" Sikuwa na jibu. Nikamshika tu kile kiganja, kigumu kwa jembe.

Mzee mmoja jirani, shabiki hasa, akaja na dawa yake: "Sasa si mnaanza upya? Mwandikisheni kazaliwa 2012, acheze miaka mingi!" Nakiri, msomaji, nilitamani. Nilishaanza kumwona dogo kwenye runinga.

Bibi akaweka kikombe chini. "Kitovu chake nilikikata mimi. Mtaandika mwaka nilioshika wembe."

Kimya. Mzee akaaga.

Asubuhi bibi na mama mdogo waliongozana kwa mtendaji wa kijiji kuanza safari ya cheti, kwani bila cheti hakuna pasipoti, na bila pasipoti chenga zote zinaishia kwa wale mbuzi. Dogo alinisindikiza kwenye bodaboda, njia nzima akijibinya kiganja.

Na wewe uliyeko mjini, cheti chako kiko wapi? Tuonane wiki ijayo.