Nyumbu hawasomi kalenda

Kila kitu kwenye safari yetu kimeshakubaliwa isipokuwa tarehe. Anayelipia mafuta anajulikana. Atakayepika chapati za njiani anajulikana (dada, na hataki msaidizi). Hata suala la nani akae siti ya mbele limepigiwa kura kwa simu, Mama akapita bila kupingwa. Tarehe tu ndiyo inatutoa jasho, na sababu ni moja: vuli.

Kwa wale wasioijua Buhemba, nieleze kidogo. Ni kwetu, wilaya ya Butiama, mkoani Mara. Watu wengi wakisikia jina hilo wanawaza dhahabu, na hawajakosea, maana imechimbwa pale tangu enzi za mkoloni na hadi leo wachimbaji wadogo wanahangaika na maduara yao. Sisi wengine ni wa jembe: mahindi, mtama, mihogo, na ng'ombe wachache wa kuzuia aibu. Ukichukua njia ya kwenda Nata na kuendelea, unafika Ikoma, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Watu wanapanda ndege kutoka Marekani na Japani kuja kulipita lango hilo. Katika nyumba yetu hakuna hata mmoja aliyewahi kulipita. Mimi mwandishi nimeandika habari za utalii mara nyingi tu, nyingi nikiwa kwenye kumbi za mikutano Dar es Salaam, na maji ya chupa mbele yangu.

Msicheke. Hata jirani yetu mkubwa kuliko wote, Mwalimu Nyerere wa Butiama, aliwahi kusema kwamba yeye hana shauku ya kutumia likizo yake kutazama mamba, ila anataka kwa dhati mamba hao waendelee kuwepo. Nadhani wazee wengi wa Mara wako hivyo. Kwao mnyama pori ni yule anayekula mahindi usiku.

Sasa kwa nini mwaka huu, na kwa nini haraka? Kwa sababu ya macho ya Mama. Ana presha ya macho, na daktari ametueleza kwa upole kwamba dawa zinapunguza kasi tu, kilichopotea hakirudi. Bado anaona. Anatutambua tukiwa mlangoni, anatenganisha mbegu nzuri na mbovu, ila pembeni kunaanza kufifia. Mzee wetu alifariki 2021 akiwa bado anasema "mwakani tutakwenda". Kwa hiyo neno "mwakani" halina tena heshima nyumbani kwetu.

Basi tukapanga Novemba. Likizo yangu inaangukia hapo, nauli za Desemba bado hazijapanda, na mpwa wetu aliyemaliza darasa la saba Septemba yuko nyumbani anahesabu mbuzi. Novemba pia ndio mwezi ambao nyumbu, ambao ni zaidi ya milioni 1, huwa wanatoka kaskazini kwenye Mto Mara na kuteremka kwenda nyanda za kusini, upande wa Ndutu, ambako watazaa Januari na Februari. Wakiwa safarini hivyo, kuna siku wanapita maeneo ambayo watu wa kutoka Ikoma wanaweza kuyafikia na kurudi kulala nyumbani. Sisi hatuna pesa ya kulala hotelini humo ndani, kwa hiyo siku moja ndiyo safari yote.

Tatizo linaanzia hapa. Nyumbu hawasomi kalenda, wanafuata mvua. Kule kusini udongo una majivu ya volkano, na majani yake mafupi yana madini anayoyahitaji mama mwenye mimba na anayenyonyesha. Lakini maji ya kudumu hakuna, hivyo hawawezi kukaa huko mpaka mvua inyeshe. Vuli ikiwahi, wanatupita na kwenda mbali. Ikichelewa, wanabaki kaskazini karibu na mto, nako ni mbali vilevile. Wageni wanaokaa wiki mbili wanaweza kuwafuata. Sisi wa siku moja tutafuata nini?

Halafu mvua hiyohiyo inayowaleta nyumbu ndiyo inayoharibu njia. Kuna lango la Ndabaka, huku barabara ya Mwanza, ila ukanda wa magharibi una udongo mweusi unaonata. Ukilowa, hata Land Cruiser inaomba dua. Ukipitia Ikoma safari ya kufika Seronera ni fupi zaidi, lakini mito ya njiani nayo ikijaa utakaa ukingoni ukiitazama. Na gari tunaloweza kukodi sisi ni Noah.

Na la tatu, ambalo mhariri wangu hawezi kulielewa lakini kila mtoto wa mkulima analielewa: mvua za kwanza ni za kupandia. Zikinyesha Ijumaa, Mama Jumamosi yuko shambani. Utamwambia nini? Kwamba aache shamba akaangalie nyumbu?

Kwa hiyo mvua moja imeshika mambo matatu: nyumbu, njia na Mama.

Nina rafiki niliyesoma naye chuo, sasa yuko Austria. Aliniambia familia za huko nazo huumia hivihivi. Wanapanga mwanzoni mwa Desemba kwenda milimani kuteleza kwenye theluji kabla bei haijapanda, wanalipia chumba, halafu theluji inagoma kuanguka. Huko lakini wana mashine za kutengeneza theluji! Zinaipuliza usiku kucha, asubuhi watu wanateleza. Nikamwambia sisi bado hatujapata mashine ya kutengeneza nyumbu.

Kama mwandishi nilikimbilia utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa mwelekeo wa vuli kabla msimu haujaanza, na sisi wa magazetini tunauruka kwa vichwa vikubwa. Tatizo ni kwamba watu wanauliza swali ambalo mwelekeo ule haujibu. Unasema kanda fulani, kwa miezi fulani, inatarajiwa kupata mvua za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Hausemi Jumamosi ya pili ya Novemba pale Nata kutakuwaje. Na vuli yenyewe ni kigeugeu kuliko masika, kwa sababu inasikiliza bahari za mbali. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua zinakolea, kama ilivyokuwa 2019. Mwaka 2022 vuli ilikuwa hafifu hadi Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa zamu. Mwaka uliofuata, 2023, ikaja na El Niño, na tarehe 3 Desemba tukaona maafa ya Hanang. Miaka miwili iliyofuatana, na hakuna aliyeweza kuutumia mmoja kupangia mwingine.

Kinachosaidia zaidi ni utabiri wa siku chache, na kulijua ziwa letu. Upande huu wa mashariki, upepo wa ziwa hukutana na upepo wa kutoka mashariki, na mawingu yanajijenga kuanzia mchana. Ndio maana mvua nyingi za kwetu ni za alasiri. Maana yake ni nini kwa msafiri? Ondoka gizani, uwe umeona ulichokuja kuona kabla ya saa saba mchana.

Lakini mpango wenyewe sikuupata kwa wataalamu. Niliupata shambani. Nilimpigia Mama kumuuliza anadhani vuli itaanza lini. Akanijibu, "Mvua haina miadi na mtu, baba." Nikamuuliza sasa yeye anapandaje. Akaanza kunieleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Mbegu hazipandwi zote siku moja. Kipande kimoja anapanda mapema kwenye vumbi, kingine baada ya mvua ya kwanza kulowesha vizuri, kingine anakiacha hadi aone kama mvua imekaa. Mtama una sehemu yake kwa sababu unavumilia. Mihogo iko pembeni siku zote, na hiyo haimuulizi mtu mvua iko wapi. Hajui vuli itaanza lini, na hajawahi kujua. Lakini katika miaka yote niliyokaa pale hatukuwahi kulala njaa.

Nilikaa na simu mkononi baada ya kuagana naye. Sisi wasomi tunadhani kupanga ni kuijua kesho. Mama anapanga kwa kuamua mapema kipi atakiacha kwanza, kipi baadaye, na kipi hakiachwi kabisa.

Tukarudi kwenye kikao cha simu, ndugu wote. Swali la kwanza halikuwa tena tarehe. Lilikuwa: tunakwenda kufanya nini? Kaka wa Mwanza akasema nyumbu. Dada akasema picha. Mpwa wetu akasema simba. Shangazi, ambaye kwa kawaida hukaa kimya, akasema, "Tunampeleka mama yenu akaone." Pakawa kimya. Baada ya hapo mengine yalijipanga yenyewe.

Tumeweka Jumamosi tatu badala ya moja. Dereva ni kijana wa palepale nyumbani, tumempa kianzio kidogo, na amekubali kukihamisha kutoka Jumamosi moja hadi nyingine. Uamuzi unafanyika Alhamisi jioni, si kabla. Tunauliza mambo matatu tu: njia ya Ikoma inapitika? Utabiri wa siku tatu unasemaje? Mama ana shamba la kupanda? Likikataa la kwanza au la pili, tunasogeza. Likikataa la tatu, siku hiyo hakuna safari, kuna jembe, na mimi nimo. Hapo ndipo nilipowaambia wenzangu wa Dar waje na nguo za kazi.

Nyumbu ndio wa kuachwa kwanza. Wakiwepo, tutashukuru. Wasipokuwepo, Seronera ina maji na wanyama mwaka mzima: simba juu ya mawe, viboko, twiga, tembo. Kiingilio kwa Mtanzania ni kama shilingi 10,000 kwa mtu mzima kabla ya kodi, kwa hiyo hatutakuwa tumefilisika kwa kuwakosa nyumbu. Jumamosi zote tatu zikiharibika, kuna mihogo yetu: Musoma, ufukweni, sato wa moto na Mama anaangalia ziwa. Ziwa halihitaji Land Cruiser.

Kisichoachwa ni kimoja. Kabla vuli haijaisha, Mama atakuwa amekaa siti ya mbele ya gari, mchana kweupe, akitazama kitu kikubwa kinachotembea ambacho hakili mahindi yake.

Ndugu zangu mlio mbali na kwenu, najua wengi wenu mna safari kama hii inayosubiri hali ya hewa itulie, pesa zitulie, kazi zitulie. Mimi nimeacha kusubiri itulie. Jana jioni mpwa wetu ameniambia kuna mawingu upande wa ziwa. Wahenga wanasema dalili ya mvua ni mawingu. Sawa, lakini Buhemba mawingu yamewahi kutudanganya mara nyingi. Nimemuuliza bibi yake anafanya nini.

"Anagawa mbegu," akasema. "Mafungu matatu."