Bastola za Bati na Majukwaa ya Ngomeni

Marekani wapo wazee wazima wanaokusanya bastola za miale za kuchezea watoto. Ile ya Buck Rogers ya 1934, iliyouzwa senti 50, hufungiwa kabatini kama dhahabu!

Wewe ukifika Malindi, usiishie kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Endelea kaskazini hadi Ngomeni, utazame baharini. Kwenye majukwaa yale ya chuma ya Waitaliano, Desemba 12, 1970, sikukuu ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kutafuta miale ya eksirei angani. Ilinasa vyanzo 339. Roketi ya mwisho iliruka 1988. Sasa chuma kimeachiwa chumvi. Wapeleke watoto, lakini alasiri: asubuhi jua la kule huchoma macho.