Wavu wa bomba na upatanisho wa ngeli

Mdogo wangu anasoma politekniki hapa Lubumbashi, na kazi yake ya mwisho inahusu joto linalopita katika ukuta wa bomba la chuma. Kabla kompyuta haijahesabu joto lolote, ukuta huo lazima ugawanywe vipande vidogo vidogo. Kwa Kifaransa, lugha ya masomo yake, kazi hiyo inaitwa « maillage structuré ». Baba yetu ni mchomeleaji. Ndiye aliyelipa karo yote, na Kifaransa chake si cha darasani. Alipotaka kujua kijana anafanya nini usiku kucha mbele ya skrini, mimi wa lugha za Kiafrika niliombwa kutafuta maneno.

Neno la kwanza lilikuja bila shida: wavu. Hata Kifaransa kilianzia huko, maana « maille » ni jicho la wavu, kutoka Kilatini macula, yaani doa au tundu. Baba akauliza swali ambalo mwanaisimu hawezi kulikwepa: “Sasa huo wavu unanasa nini?” Kwa mvuvi, uzi ndio kitu, na jicho ni uwazi ambamo maji na samaki wadogo hupita. Katika kompyuta ni kinyume. Uzi hauna unene, ni mpaka tu. Jicho ndilo lililojaa chuma, na hesabu hufanyika humo. Mdogo wangu akamjibu, “Unanasa joto, baba. Kila jicho lina joto lake.” Jibu lilimtosha mzee. Mimi nami nabaki na “jicho”. “Seli” inanipeleka kwanza gerezani, kisha kwenye biolojia.

Neno la pili ndilo lililonikalisha. Wa kwanza kufikiri atasema “wenye mpangilio”, lakini hata wavu uliochanika una mpangilio fulani. Kinachotofautisha wavu huu ni kwamba kila jicho lina anwani ya namba tatu: la ngapi kutoka ndani kwenda nje, la ngapi katika kuzunguka, la ngapi katika urefu. Jirani wa jicho 3-7-20 upande wa nje ni 4-7-20. Hakuna anayehitaji kuandika orodha ya majirani. Wavu wa aina nyingine, mara nyingi wa piramidi ndogo za pembetatu, huhitaji orodha hiyo, ingawa hujipinda kufuata umbo lolote, na kwa kifaa chenye kona nyingi mhandisi huuchagua bila aibu.

Programu anayotumia ni OpenFOAM, ambayo ni ya bure, na chombo chake cha kusuka wavu kinaitwa blockMesh. Hakuna kuchora kwa kipanya. Mtu anaandika faili la maneno na namba. Humo kila bloku ni sanduku la pembe nane, na pembe hutajwa kwa utaratibu maalumu. Ukizivuruga, bloku hugeuka ndani-nje na ujazo wake huwa hasi. Mwenye kusoma sintaksia ataelewa upesi: viungo ni vilevile, mfuatano ndio umeharibu maana.

Mtu angedhani uvungu wa bomba ndio ugumu. Kumbe ndio nafuu. Nondo iliyojaa inasumbua kwa sababu mistari yote ya duara hukutana katikati, na macho ya pale hubanwa yakawa kabari; wahandisi huweka bloku ya mraba katikati na kuizungushia nyingine nne. Bomba halina katikati. Linakatwa robo nne tu, kila robo bloku moja. Pembe si 32 bali 16, kwa kuwa majirani huzishirikiana. Kingo 16 lazima zitangazwe kuwa tao. Bila hivyo bomba hutoka la mraba.

Kisha namba. Mdogo wangu alichagua macho 10 katika unene, 20 katika kila robo ya mzunguko, 50 katika urefu: 10 000 kwa bloku, 40 000 kwa bomba zima. Lakini uhuru wa kuchagua ni mfupi. Ile 10 ya bloku ya kwanza huilazimisha ya pili, nayo ya tatu, nayo ya nne, mpaka inarudi ilikotoka. Bloku moja ikisema 12, nyuso hazikutani na programu inakataa. Ile 20 haivuki kwenda robo nyingine. Inafunga tao la ndani na tao la nje la robo yake tu, kama kiambishi cha yambwa chenye upatanisho wake.

Hapo nikaona ngeli. Kiti kile kirefu kimevunjika: nomino ikishachagua, wengine wote wanafuata. Nikapendekeza “wavu wa upatanisho”. Mdogo wangu alicheka: “Yaya, sisi wa Lubumbashi upatanisho wenyewe tunaulegeza kila siku!” Ni kweli, na tunaelewana vizuri. Bloku haina uvumilivu wa soko la Kenya.

Huenda profesa mmoja atapinga kwamba upatanisho ni matokeo na anwani ndiyo asili. Nakubali hoja, ila “wavu wa anwani” haumwambii baba kwa nini kijana hawezi kubadili namba moja peke yake.

Uvungu wenyewe hauna jicho hata moja. Kwa programu haupo. Kuna uso tu unaoupakana, ambao lazima upewe jina na joto la maji. Maneno mengine ya faili yamekwisha kuamuliwa, ya Kiingereza yote, lakini majina ya nyuso huchagua mtumiaji. Mdogo wangu aliandika ndani, nje, mwanzo, mwisho. Programu ilisoma bila kulalamika, na watahini watayakuta maneno hayo manne katika kiambatisho, katikati ya kurasa zote za Kifaransa.