Futa mstari uone kitakachokwama

Jamani, wiki jana nilifuta mstari mmoja wa kodi ambao sikujua unafanya nini. Punde mteja akapiga simu: risiti hazitoki. Basi nikajua!

Aibu ilipungua niliposoma habari za George Beadle na Edward Tatum. Mwaka 1941, kule Stanford, walipiga ukungu wa mkate kwa eksirei, wakiharibu jeni bila kujua ni ipi. Spora wakazikuza kwenye chakula kamili, kisha wakazijaribu moja moja kwenye chakula duni. Nambari 299 iligoma kukua mpaka ikaongezewa vitamini B6. Kumbe jeni iliyoharibika ndiyo iliyoshika kimeng'enya cha kuitengeneza.

Ila wao ukungu mzima walikuwa nao bado. Mimi sikuwa na bakapu, na mteja hajanilipa.